Kabla ya kulipaka rangi gari la mzee, ingia kwanza chini yake

Kila Desemba stori ni ile ile. Umemaliza mwaka Nairobi, umebanana na watu kwenye basi usiku kucha, unashuka Kitale au Bungoma alfajiri na baridi inakuuma masikio. Ukifika bomani, baada ya kusalimia wazee na kunywa chai, macho yanakwenda pale chini ya mparachichi. Lipo. Peugeot 504 ya mzee, au Datsun, au ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, au Land Rover iliyobeba mahindi kabla hujazaliwa. Turubai juu, majani makavu kwenye boneti, na kuku ametaga kwenye kiti cha nyuma.

Hapo ndipo wazo linakuja. "Hii ndai tukiipiga rangi na rimu mpya, itawaka noma." Unapiga picha, unawatumia mabeshte kwa WhatsApp, wote wanakupigia makofi. Kufikia Krismasi umeshampata fundi wa kupuliza rangi, na kufikia Januari gari linang'aa kama sufuria mpya.

Mimi nasema umeanzia mwisho. Kama una wiki mbili za likizo na vijisenti vya kutumia kwa gari kuukuu, vitumie kwenye kutu, na rangi iwe ya mwisho kabisa, hata ikibidi ingoje mwaka ujao. Na habari njema ni kwamba kazi yote ya kuitafuta kutu hiyo, na sehemu kubwa ya kuitibu, unaweza kuifanya mwenyewe hapo bomani.

Sisemi hivi ili kuwaharibia watu raha. Gari kama 504 saluni halina chesi ya kujitegemea kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Viti vimefungwa kwenye sakafu hiyo hiyo. Mikanda ya usalama imeshikiliwa na chuma hicho hicho. Miguu ya gari imejishikiza hapo. Sakafu na vizingiti vikiliwa, kisha vikafunikwa kwa fila na rangi, umemvalisha suti mtu aliyevunjika mguu. Atapendeza kwenye picha, lakini mwambie akimbie uone. Na wewe unapanga kulikimbiza kwenye barabara ya Webuye kwenda Malaba, katikati ya malori ya Uganda na trekta za miwa, ukiwa umembeba mama na wadogo zako.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nadhani walikuwa wanazungumzia fila.

Kwa nini kutu inatupenda huku

Kutu haina uchawi. Chuma kikikutana na maji na hewa, kinaanza kurudi kilikotoka, kwenye udongo mwekundu. Chumvi ikiongezeka, kazi hiyo inakwenda mbio. Ndiyo maana gari lililoishi Mombasa karibu na bahari huoza upesi kuliko lililoishi mahali pakavu. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi huvimba kama ngozi iliyoungua. Ule uvimbe mdogo unaouona mlangoni si mwanzo wa ugonjwa. Mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimeliwa kutoka ndani, na sasa kutu imekosa mahali pa kukaa.

Kitale si Mombasa, lakini si jangwa pia. Mji huu uko mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, si mbali na Mlima Elgon, na hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Mvua huanza Machi au Aprili na mara nyingi husukuma hadi Oktoba au Novemba. Bungoma iko chini kidogo na ina joto zaidi, lakini mvua nayo si ya mchezo. Gari lililoegeshwa kwenye nyasi miezi yote hiyo linavuta unyevu kutoka ardhini usiku na mchana. Na lile turubai ambalo mzee alilifunga kwa upendo? Linazuia mvua ya juu, ndiyo, lakini linafungia mvuke wa chini. Gari linakaa humo ndani likitoka jasho kama mgonjwa wa malaria.

Halafu kuna mbolea. Huku kwetu gari la mzee halikuwa la kwenda kanisani tu. Lilibeba DAP wakati wa kupanda na CAN mahindi yalipofika magotini. Magunia yalitoboka, punje zikaingia kwenye mikunjo ya buti, na hakuna aliyezifagia vizuri. Mbolea hizo ni chumvi. Zinavuta unyevu hewani na kukaa hapo zikikila chuma polepole, msimu baada ya msimu. Ukiona buti la gari la mkulima wa Trans Nzoia ni zima kabisa, ama mzee alikuwa mtu makini sana, ama kuna mtu alitangulia kupaka fila.

Watu wa Webuye hawahitaji kufundishwa jambo hili. Enzi za kiwanda cha karatasi, kabla hakijafungwa mwaka wa 2009, wakazi walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba moshi wake unakula mabati ya nyumba zao. Kama gari lenu liliishi upande huo siku hizo, likague mara mbili.

Sasa angalia kalenda. Desemba hadi Februari ndicho kiangazi chetu. Ndiyo miezi pekee ambayo chuma kilichosuguliwa asubuhi kinaweza kukaa kikavu hadi jioni. Na ndiyo miezi ambayo wewe uko ushago. Ukiikosa nafasi hiyo kwa kukimbilia rangi, unasubiri mwaka mzima, na kutu haitakusubiri.

Siku ya kwanza: tafuta, usirekebishe

Vifaa vya ukaguzi havihitaji mkopo. Tochi. Bisibisi kuukuu. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa ili isikwaruze rangi. Brashi ya waya, chaki, glavu na miwani ya kukinga macho. Na kitu cha kulalia: lile turubai umelitoa juu ya gari, sasa litafanya kazi ya maana.

Kuna kifaa kimoja ambacho hutakiruka: stendi mbili za chuma za kushikilia gari. Ukikosa, azima kwa gereji ya mtaani. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na usithubutu kutumia matofali. Tofali hupasuka bila kupiga hodi. Weka stendi juu ya ubao mnene kwenye ardhi ngumu, zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe, kisha litikise gari kabla hujaingia. Kama pale unapopigia jeki panazama na kutoa mlio kama wa biskuti, usiendelee kuinua. Umeshapata jibu lako la kwanza bila hata kulala chini.

Siku moja kabla, osha tope lote la chini na uache likauke vizuri. Kisha anza kwa utaratibu, na kila unachokipata ukitie alama ya chaki. Duara kwa kutu ya juu juu, mstari kwa chuma chenye vishimo, msalaba kwa mahali palipotoboka.

Ndani, toa viti ukiweza, toa mazulia yote. Wengi wanakagua gari bila kuinua zulia, ni kama kununua nyumba bila kuingia chumbani. Zulia likiwa na maji, tafuta yanakotoka, na mara nyingi ni raba ya kioo cha mbele iliyokauka. Mwombe mdogo wako amwage maji taratibu juu ya kioo wewe ukiwa ndani na tochi. Bonyeza sakafu kwa kidole gumba, kisha gonga kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hujibu "ti!" Chuma kilichooza hujibu "du", kama unagonga katoni.

Nenda kwenye vizingiti, ule ukingo wa chini unaouruka ukiingia. Huko ndani ni bomba tupu, na kutu huanzia ndani. Choma kwa ncha ya bisibisi, kwa nguvu ya kawaida. Usiogope kutoboa. Kama bisibisi imepita, hukutoboa wewe. Kutu ilitoboa zamani, wewe umefunua tu.

Milango ina vitundu vya kutolea maji chini kabisa. Vikizibwa na vumbi, mlango unageuka ndoo. Fungua, zibua kwa waya, sikiliza kama kuna maji yanayocheza ndani. Kwenye buti, toa spea na uangalie pale inapokaa. Chini ya kioo cha mbele, pekua majani ya mparachichi yaliyoziba njia ya maji. Angalia chini ya betri, kwa sababu asidi yake hula chuma bila huruma. Ingia ndani ya madigadi, juu ya magurudumu, mahali ambapo tope hujificha na kukaa na unyevu wiki nzima baada ya mvua kukatika.

Sumaku itumie juu ya rangi. Mahali inaposhika kwa nguvu kisha ghafla inateleza na kuanguka, chini yake pana fila nene. Mtu alikutangulia.

Mwisho, zifuate paipu za chuma za breki kutoka mbele hadi nyuma kwa tochi. Hapa sina ubishi. Paipu ya breki iliyoliwa na kutu haisuguliwi wala haipakwi rangi. Inatolewa, inawekwa mpya, na fundi anayejua breki ndiye anayeiweka.

Kila gari lina siri zake pia. Volkswagen ya kobe huficha betri chini ya kiti cha nyuma, kwa hivyo sakafu ya kona hiyo ndiyo hufa kwanza. Land Rover za zamani zinadanganya watu wengi zaidi. Bodi yake ni ya alumini, kwa sababu Waingereza walipoianzisha mwaka wa 1948 chuma kilikuwa kimeadimika baada ya vita. Alumini haishiki kutu kama chuma, na sumaku haitakuambia kitu hapo. Basi mtu anaona bodi safi anafikiri amepata dhahabu, kumbe chesi ya chini ni ya chuma na imeshakuwa chapati. Ya Land Rover, anzia chini. Bodi itajieleza yenyewe.

Kutu ya kutibu wewe, na kutu ya kumwitia fundi

Ukimaliza, kaa chini na uhesabu alama zako za chaki. Hapo ndipo utajua gari ni la wiki mbili au la miaka miwili.

Zile za duara ni zako. Sugua kwa brashi ya waya kisha msasa mkali hadi uone chuma cheupe kinachong'aa. Usiishie kwenye doa. Vuka hadi kwenye rangi nzima kila upande, kisha lainisha ukingo kwa msasa laini ili kidole kisihisi ngazi. Futa vumbi, pangusa kwa kitambaa chenye thina, acha ikauke. Paka rangi ya msingi ya kuzuia kutu, mara mbili, ukifuata muda ulioandikwa kwenye mkebe. Fanya haya yote siku hiyo hiyo. Chuma kilicho uchi kikilala nje usiku mmoja wa umande wa Kitale, asubuhi unakikuta kimeshageuka rangi ya chungwa na kazi inaanza upya.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: rangi nyingi za msingi hunyonya maji. Si koti la mvua. Ukipaka ya msingi Desemba na kuliacha gari hivyo hadi Aprili, mvua itapenya na kutu itarudi ikicheka. Malizia na rangi ya juu, hata kama ni ya brashi, hata kama haifanani sana. Huko chini nani anaangalia?

Zile za mstari, chuma chenye vishimo, zinataka subira. Brashi ya waya haifiki ndani ya kila kishimo. Hapo ndipo dawa ya kutu inapoingia, ile ya maji inayouzwa kwenye maduka ya vifaa, ambayo nyingi hutumia asidi ya fosforiki. Inageuza kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi lililotulia. Soma maelekezo, vaa glavu, na usiipake juu ya kutu inayobambuka. Dawa haishiki kwenye vumbi. Ikikauka, msingi, kisha rangi.

Zile za msalaba, zilizotoboka, ndipo penye mpaka wako. Kwenye kizingiti, kwenye sakafu karibu na bolti za kiti na mkanda, kwenye chesi, mahali pa kupigia jeki au pale miguu ya gari inaposhika bodi, mwite mchomeleaji. Kazi halali ni moja tu: kukata hadi kwenye chuma kizima, kisha kuchomelea karatasi mpya ya chuma yenye unene kama ule wa zamani. Kubandika kipande juu ya uozo si kutengeneza. Uozo unaendelea kula chini ya kiraka, na safari hii huuoni.

Kabla ya moto wowote, ondoa betri, toa mazulia, na kama kazi iko karibu na tangi la mafuta, tangi litoke kabisa na likae mbali. Weka ndoo ya mchanga na maji karibu. Na mkatalie mtu yeyote anayekuja na kipande cha bati la nyumba. Bati limepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi unaoleta homa na kifua kubana. Tena ni jembamba mno kwa kazi hiyo.

Mfundishe mdogo wako akae mbali unaposugua rangi ya zamani. Rangi nyingi za enzi hizo zilikuwa na risasi, ile madini yenye sumu. Vaa barakoa, sugua kwa maji inapowezekana, na usiache vumbi hilo mahali kuku wanapodonoa au watoto wanapochezea.

Dawa za mtaani zinazoua

Huku kwetu kuna desturi ya kupulizia chini ya gari oili chafu iliyochanganywa na dizeli. Wazee waliifanya, na siwezi kusema haizuii maji kwa muda. Lakini oili hiyo inaharibu raba, inatiririka kwenye breki ukikosa uangalifu, na inabaki kwenye udongo ambapo mama amepanda sukuma. Tumia kinga iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au nta ya kuingiza ndani ya vizingiti na milango, na usizibe vile vitundu vya maji ulivyovizibua.

Lami nayo ni rafiki mnafiki. Juu ya chuma safi kilichopakwa msingi, inakinga. Juu ya kutu, inafunga maji ndani na kuficha ushahidi. Ukiona gari linauzwa na chini kumepakwa lami nyeusi jana yake, uliza maswali.

Na lile turubai lisirudi juu ya gari. Mabati manne juu ya nguzo, pande zote wazi upepo upite, sakafu ya kokoto badala ya nyasi: hiyo ndiyo dawa ya kutu iliyo rahisi kuliko zote.

"Si bora ninunue Probox?"

Najua utaniuliza hivyo. Ni swali la haki. Kama unataka gari la kazi ya kila siku, nunua Probox na usiangalie nyuma. Lakini kumbuka jambo moja. Sheria za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililotumika la zaidi ya miaka 8. Maana yake ni kwamba hizi 504, Datsun na Volkswagen tulizo nazo ndizo hizo. Likioza la kwenu, huendi Japan kutafuta jingine. Linakwenda kwa muuza vyuma vikuukuu, linapimwa kwa kilo kama kitanda kilichovunjika.

Na si gari tu linalopimwa hapo. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978, kwenye barabara zetu, kwenye tope letu. Zile za station wagon ndizo zilizowabeba wazazi wetu kutoka Magharibi kwenda Nairobi, magoti yamegusana, kabla ya Nissan kuja. Tangu 2003 wapo watu wanaotoka ng'ambo na magari ya enzi hizo kuja kushindana hapa kwenye East African Safari Classic Rally. Wanayalipia meli yaje. Sisi tunayo chini ya mparachichi, na tunayaacha kuku watage.

Wengine watasema, "Fundi yupo, kwa nini nijichafue?" Sina vita na mafundi. Kitale na Bungoma kuna wazee wa jua kali ambao wamekuwa wakitengeneza Peugeot tangu zilipokuwa matatu, na mikono yao inajua mambo ambayo YouTube haijui. Lakini fundi anafanya kile unachokilipia. Ukienda na kusema "nataka ing'ae", atakung'arishia, na fila itaingia kwa sababu ndiyo inayotosha bajeti yako. Ukienda na chaki yako na kusema, "Mzee, hapa, hapa na hapa pamekufa, nataka tukate tuweke chuma kipya, na nikione kabla hujafunika," mazungumzo yanabadilika. Anajua unajua. Bei inakuwa ya kazi, si ya macho. Na wewe unayesomea ufundi pale Kitale National Polytechnic au Sang'alo, hapo pana kazi inayokusubiri, kwa sababu hao wazee hawatakuwepo milele.

Hata wapenda urembo hawana pa kujitetea. Nenda Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, mashindano ya magari maridadi. Utadhani ni rangi tu inayoangaliwa. Majaji wanachungulia hadi chini ya gari.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni la nyumbani zaidi. Gari lile si lako bado. Logbuku ina jina la mzee, na hata kama hajaliendesha miaka kumi, ni lake. Usianze kuligonga bila kumwambia. Kaa naye jioni, mwambie, "Baba, naomba uniachie gari wiki mbili nilitazame chini." Usimwambie utalipaka rangi ya kijani kibichi. Ukimwambia unataka kutazama chini, atavuta kiti aje akae karibu, na atakuambia ni mwaka gani lilizama kwenye tope la Kiminini na ni mlango upi uliobadilishwa baada ya ajali. Hiyo historia ya gari hutaipata kwa fundi yeyote, na itakuokolea siku mbili za kutafuta. Kama mzee hayupo tena, kaeni na ndugu zako na mama mkubaliane kwanza gari ni la nani. Nimeona magari yakioza si kwa mvua bali kwa sababu ndugu wanne walikuwa wananuniana na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye gari ukuta huo unajengwa kwa weldingi, kwa pesa. Doa la duara la Desemba hii, ambalo ni msasa na mkebe mmoja wa rangi ya msingi, ndilo msalaba wa Desemba ya miaka mitatu ijayo.

Basi likizo hii waache mabeshte wangoje picha. Ukirudi Nairobi Januari, watumie moja tu: sakafu ya gari la mzee, zulia limetolewa, chuma kimesafishwa na kupakwa msingi, alama za chaki zimebaki mbili badala ya kumi na tano. Wengi hawataelewa wanachokiangalia. Mzee ataelewa.